Herufi Zilizokataa Kusomwa Haraka

Mwaka 1965, Wes Wilson, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika duka dogo la uchapaji mjini San Francisco, alichora bendera ya Marekani na ndani yake akatia swastika ya Wanazi. Akaongeza swali fupi lililowataka Wamarekani wajiulize kama zamu yao imefika. Mwaka ule Rais Johnson alikuwa akimwaga askari Vietnam, na bango lile, ambalo Wilson alilitoa mwenyewe, lilikuwa hasira tupu. Hata abiria wa basi linalokwenda kasi angelielewa kabla halijamtoka machoni.

Mwaka uliofuata mkono huohuo ulikuwa ukichora mabango ya dansi ambayo mpita njia hawezi kuyasoma asiposimama, akainamisha kichwa, akakodoa macho. Mtu angedhani Wilson ameiacha siasa akakimbilia starehe, na wapo waliodhani hivyo. Mimi naona vingine. Katika yale mabango yasiyosomeka ndimo ulimopikwa ufundi ambao miaka michache baadaye uliwafaa watu waliopigana na vita kwa wino.

Habari za miaka ile husimuliwa kwa dawa ya kulevya ya LSD, nywele ndefu na magitaa. LSD ilikuwapo, na California iliipiga marufuku Oktoba 6, 1966. Lakini dawa haichori herufi. Herufi huchorwa na mtu aliyekaa mezani na kalamu, anafuta, anarudia, huku mchapaji akimsubiri kesho asubuhi.

Wilson hakupitia shule ya sanaa. Alisomea misitu na bustani, kisha falsafa. Uchapaji aliujua kwa kuufanya. Mwishoni mwa 1965 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilifanya maonyesho ya mabango ya Kijerumani, na katika kitabu cha maonyesho hayo Wilson aliziona herufi za Alfred Roller, msanii wa Vienna wa mwanzoni mwa karne ya 20. Roller alikuwa amezinenepesha herufi hadi kila moja ikawa karibu mraba mzima wa wino, na kati yake zikabaki nyufa nyembamba tu. Wilson alizichukua akazilegeza. Alianza na umbo la nje, tuseme ndimi za moto au nywele za mwanamke, kisha akalijaza maneno, akizivuta herufi na kuzivimbisha moja moja mpaka zikagusa ukingo. Katika bango lake la Julai 1966 la ukumbi wa Fillmore, lililotangaza bendi ya The Association, maneno yote yamekuwa moto mwekundu unaopanda juu ya kijani.

Ugumu wa kazi hiyo hauko katika kupinda. Hata mtoto anaweza kupinda herufi. Ugumu uko katika nyufa. Zikizidi upana, umbo linavunjika vipande na moto hauonekani tena. Zikiwa nyembamba mno, wino wa mashine unazijaza na neno linakufa. Wilson alizilea nyufa zake toka juu hadi chini, zikabaki na upana unaokaribiana hata pale herufi yenyewe ilipogeuka ubavu. Kwenye kanga, jina hukaa mahali pake padogo ndani ya mji, na pindo linavizunguka vyote. Kwa Wilson ni kama jina limevimba likaumeza mji pamoja na pindo. Msomaji analazimika kuchagua, ama aangalie picha ama asome, na akili yake inarukaruka kati ya hayo mawili.

Bill Graham, aliyeuendesha ukumbi wa Fillmore, alilalamika kwamba hawezi kusoma. Kisa kinachosimuliwa sana ni kwamba Wilson alimjibu kuwa hiyo ndiyo sababu watu watasimama kutazama. Wakasimama kweli, na zaidi ya kusimama wakaanza kuyabandua mabango ukutani na kwenda kuyatundika majumbani. Graham mwenyewe, tusisahau, aliingia katika biashara ya dansi kwa mlango wa siasa. Alikuwa meneja wa kikundi cha maigizo cha San Francisco Mime Troupe, na onyesho lake la kwanza, Novemba 1965, lilikuwa la kuchangisha fedha za kesi baada ya kiongozi wa kikundi kukamatwa akiigiza katika bustani ya jiji. Kuta za starehe na kuta za upinzani zilikuwa zilezile, na gundi ileile.

Wilson alifanya kwa hisia ya mkono. Mwenzake Victor Moscoso alifanya kwa elimu, na kwake yeye napenda kukaa zaidi. Alizaliwa Hispania mwaka 1936, akakulia Brooklyn, akasoma Cooper Union na baadaye Yale, alikofundisha Josef Albers. Albers alikuwa ametoka shule ya Bauhaus ya Ujerumani, na somo lake kubwa lilikuwa kwamba rangi haina tabia ya peke yake. Jirani yake ndiye anayeamua itaonekanaje. Moscoso aliondoka Yale na sheria zote kichwani: herufi isomeke, ujumbe ufike upesi, rangi zinazogombana zisiwekwe pamoja. Mabango yake ya kwanza ya dansi yaliyofuata sheria hizo hayakumridhisha. Ndipo akaamua kuzigeuza zote, moja baada ya nyingine, na mfululizo wake wa Neon Rose, alioutengenezea klabu ya Matrix kuanzia mwishoni mwa 1966, ni matunda ya ukaidi huo.

Chukua nyekundu na buluu iliyoelekea kijani. Zipime mpaka ziwe na mwanga sawa, yaani ukizipiga picha ya nyeusi na nyeupe zote mbili zitoke kijivu kimoja. Sasa zilaze bega kwa bega bila mstari mweusi wa kuzitenga. Jicho la binadamu hutafuta kingo za vitu zaidi kwa tofauti ya mwanga kuliko kwa tofauti ya rangi. Hapa tofauti ya mwanga haipo, kwa hiyo jicho linashindwa kuamua mpaka uko wapi, nao mpaka unaanza kutetemeka. Hakuna uchawi wala dawa. Mtu aliyekunywa chai tupu asubuhi ataona mtetemo uleule.

Ila kupima huko ni kazi ya subira. Rangi moja ikizidi kung'aa kidogo tu kuliko mwenzake, mtetemo unakufa na bango linabaki picha ya kawaida yenye kelele. Kisha linakuja suala la mashine. Katika uchapaji wa ofseti kila rangi ina pleti yake, na karatasi hupokea wino wa pleti hizo kwa zamu. Pleti ya pili ikihama kidogo upande mmoja, unabaki ufa mweupe kati ya rangi mbili. Ikihama upande wa pili, wino unapandana na kutoa mstari wa giza. Ufa au mstari, vyote viwili vinalipa jicho mpaka ambao lilikuwa likiutafuta, na ujanja wote umeharibika. Ndiyo maana wachoraji hawa walihitaji wachapaji waliokubali kusumbuka, na mjini San Francisco walimpata Levon Mosgofian wa kiwanda cha Tea Lautrec. Majina ya watu kama yeye huandikwa kwa herufi ndogo vitabuni, kama huandikwa. Mimi ningeyapandisha juu.

Moscoso alikwenda mbali zaidi. Baadhi ya mabango yake aliyachora ili yaangaliwe chini ya taa zinazowaka kwa kupokezana, nyekundu na buluu. Taa nyekundu ikiwaka, mistari ya wino mwekundu inapotea. Ikiwaka ya buluu, inarudi na mingine inajificha. Umbo lililochorwa mara mbili kwa rangi mbili linaonekana kucheza ukutani. Hii ni sinema ya karatasi moja.

Si kwamba kila kilichotoka San Francisco wakati ule kilikuwa dhahabu. Waigaji walikuwa wengi, na waigaji waliiga kupinda bila kuiga nyufa. Mwili wa mwanamke nao ulitumika kama chombo cha kumimina maneno mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Ufundi wa tatu ni wa mashine yenyewe, na ndio ninaoupenda kuliko yote kwa sababu unatumia ajali. Mtaa wa Haight-Ashbury ulikuwa na gazeti lake, San Francisco Oracle, lililohaririwa na Allen Cohen na kutoka mara 12 kati ya 1966 na 1968. Mashine ya kuchapa hupokea wino kutoka chombo kirefu kilicholala juu ya roli. Kwa kawaida chombo chote hujazwa rangi moja. Wachapaji wa Oracle walikigawa kwa vizuizi, upande huu wakatia njano, katikati waridi, upande ule buluu. Roli za mashine, mbali na kuzunguka, husogea kidogo kushoto na kulia ili kusambaza wino sawasawa, na msogeo huo ndio unaozichanganya rangi pale zinapokutana. Ukurasa unatoka na upinde wa mvua kwa gharama ya pleti moja. Kadiri kazi inavyoendelea, rangi zinazidi kulana, kwa hiyo nakala ya asubuhi si nakala ya jioni. Mchapaji wa kawaida angesimamisha mashine na kuisafisha. Hawa waliiacha iendelee.

Toleo la tano la gazeti hilo lilitangaza mkusanyiko wa Januari 14, 1967, katika bustani ya Golden Gate, ambao mabango yake yalichorwa na akina Rick Griffin, Stanley Mouse na Alton Kelley. Griffin alimchora Mhindi Mwekundu juu ya farasi akiwa na gitaa la umeme. Watu kati ya 20,000 na 30,000 walifika. Shabaha ya waandaaji ilikuwa kuziunganisha koo mbili zilizokuwa zikitazamana kwa jicho la pembeni: wanaharakati wa Berkeley waliopinga vita kwa hotuba na migomo, na mahipi wa Haight-Ashbury walioamini kuwa vita vitakoma siku watu watakapobadilika vichwa. Wa kwanza waliwaona wa pili ni walevi. Wa pili waliwaona wa kwanza ni wahubiri. Oktoba 1965, mwandishi Ken Kesey alipopewa jukwaa katika mkutano wa kupinga vita Berkeley, alipiga kinanda cha mdomo na kuwaambia waandamanaji kwamba kwa kuandamana wanacheza mchezo uleule wa wanaopigana. Waandaaji hawakufurahi, na siwalaumu. Mwezi uliofuata mshairi Allen Ginsberg aliwaandikia ushauri ulio kinyume: waandamane, lakini wabebe maua, muziki na midoli, maandamano yawe onyesho. Ushauri huo ndio uliozaa siku ya Oktoba 21, 1967, pale Pentagon, watu walipojaribu kulinyanyua jengo la wizara ya ulinzi kwa nyimbo na maua yakatiwa katika midomo ya bunduki. Picha za siku ile zinajulikana dunia nzima; sina la kuongeza.

Afadhali nimtaje mtawa. Corita Kent alikuwa sista wa Kikatoliki, mwalimu wa sanaa katika chuo cha Immaculate Heart, Los Angeles. Alichapa kwa skrini ya hariri, kwa rangi kali zinazong'aa, na herufi zake zilipinda na kuyumba kama za wale wa San Francisco, naye hakuhitaji LSD. Njia yake ilikuwa ya mikono mitupu: alikata maneno kwenye matangazo ya biashara, akayakunja na kuyakunyata, akayapiga picha yakiwa yamekunjika, kisha akaifuatisha picha hiyo kupata stensili. Herufi inabaki ileile iliyouzia watu mkate au petroli, ila sasa imepigwa na upepo. Mwaka 1967 alichapa kazi ya kudai mabomu yasimamishwe, kwa rangi za bendera ya taifa lake, nyekundu na buluu juu ya nyeupe, maneno yakiwa yameinama kana kwamba yenyewe yanaanguka kutoka angani. Mwaka uliofuata aliacha utawa. Nikiulizwa ni nani alifunga fundo kati ya rangi za enzi ile na kilio cha kupinga vita, nitamtaja yeye kabla ya wanaume wote niliowataja. Katika kazi ile kupinda ndiko kunakobeba maana: ukizinyoosha herufi, bomu halianguki.

Halafu ikaja 1970. Aprili 30, Rais Nixon alitangaza kwamba majeshi yameingia Kambodia. Mei 4, askari wa Ulinzi wa Taifa waliwapiga risasi na kuwaua wanafunzi wanne katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio. Vyuo vikafungwa kwa migomo nchi nzima. Berkeley, wanafunzi na baadhi ya walimu waligeuza vyumba vya madarasa kuwa karakana ya mabango na wakachapa usiku na mchana.

Walichagua skrini, na yeyote aliyewahi kuona fulana za kampeni zikichapwa vichochoroni anajua kwa nini. Fremu ya mbao, kitambaa cha hariri kilichokazwa mpaka kinalia ukikigonga, stensili chini yake, wino juu, na kipande cha mbao chenye ulimi wa mpira cha kuuvutia wino. Hakuna mashine, hakuna umeme, hakuna bosi wa kiwanda wa kukataa kazi kwa sababu haipendi siasa yako. Njia rahisi kuliko zote ni kukata stensili kwa karatasi ya kawaida: mvuto wa kwanza wa wino wenyewe ndio unaoigandisha kwenye hariri. Vipande vilivyoelea, kama tumbo la herufi O, hukaa mahali pake kwa wino huohuo.

Kazi inaonekana nyepesi mpaka ushike ule mpira. Uulaze mno, wino unapita mwingi na kingo zinavimba. Uusimamishe mno, unakwangua na kuacha madoa matupu. Uvute kwa pumzi moja, mikono yote miwili kwa nguvu sawa, usisite katikati, maana mahali uliposita patabaki mstari. Kisha inua fremu upesi, karatasi inasuliwe, iende kwenye kamba ikauke, nyingine iingie. Ukichelewa kwa gumzo, wino unaganda kwenye matundu ya hariri na itabidi uoshe uanze upya. Watu wawili waliozoeana, mmoja anavuta, mwingine anaweka na kutoa karatasi, wanaweza kwenda kwa saa nyingi bila kusemezana.

Karatasi ilikuwa taabu, na suluhisho lake ndilo alama ya karakana ile. Kompyuta za wakati huo zilichapa majibu yake kwenye mikanda mirefu ya karatasi yenye vitobo pembezoni. Zikishatumika zilikuwa takataka. Wanafunzi walizigeuza, wakachapa mgongoni. Mabango mengi ya Mei 1970 yaliyosalia bado yana vile vitobo kandokando, na ukiligeuza bango unakuta safu za tarakimu zisizohusiana nalo. Jay Belloli alichapa juu ya karatasi ya aina hiyo bango lake la Marekani inayokula watoto wake, kwa kumwazima Saturn wa mchoraji Goya, lile jitu linalomtafuna mwanawe. Karatasi ya kompyuta ni nyembamba na inakunywa wino; mistari midogo isingedumu. Belloli alitumia vipande vikubwa vya wino na utupu mkubwa, na uhaba ukageuka ukali.

Kwa mtu aliyetoka kutazama Moscoso, mabango haya yanashangaza kwa uchi wake. Mengi ni ya rangi moja. Maneno yanasomeka toka ng'ambo ya barabara. Baba mwingine wa karakana anaonekana hapa: wanafunzi wa Paris wa Mei 1968, waliochapa kwa skrini katika shule ya sanaa ya Beaux-Arts bila kutia sahihi. Rupert García naye, aliyekuwa ametumikia jeshi la anga la Marekani huko Thailand na kurudi kusoma San Francisco State, alikuwa amejifunza skrini katika mgomo wa chuo hicho wa 1968, na rangi zake bapa zisizo na kivuli zilikwisha kuonyesha njia nyingine.

Kwa hiyo nini kilibaki cha mahipi? Nadhani kilibaki kile ambacho Wilson alikijua alipomjibu Graham: kwamba ukuta ni mahali pa kumshika mtu asimame. Mabango ya siasa ya kabla yake, na hata lile lake mwenyewe la bendera, yalikuwa yakipiga kelele kumfuata mtu anayeondoka. Yale ya dansi yaliwazoesha vijana wa mji ule kuusogelea ukuta kwa hiari, kulitazama bango kama kitu cha kukaa nacho, kulibandua na kwenda nalo nyumbani. Ilipofika 1970 jicho hilo lilikuwa tayari. Wachapaji wa Berkeley walilikuta limefundishwa. Kilibaki pia kiburi cha kuandika herufi kwa mkono bila rula. Kilibaki hata ule upinde wa mvua. Mchapaji wa skrini wa miaka ile aliyetaka rangi zinazolana hakuhitaji mashine ya Oracle: alimwaga wino wa njano na mwekundu kando kwa kando ndani ya fremu moja, akauvuta mara moja, na baada ya karatasi chache mpaka wao ulikuwa umelainika kuwa machweo. Juu ya machweo hayo unaweza kuweka ua au ndege ya kivita.

Vita havikukoma kwa sababu ya mabango. Majeshi ya Marekani yaliondoka Vietnam 1973, na Saigon ikaanguka 1975. Moscoso alihamia kwenye katuni za jarida la Zap, Wilson akaenda kulima Missouri, ambako alifariki Januari 2020. Michael Rossman, mwanaharakati wa Berkeley, aliyakusanya mabango ya siasa miaka na miaka, na mkusanyo wake wa zaidi ya vipande 24,000 sasa uko katika Jumba la Makumbusho la Oakland. Wengine hawakuacha skrini. Malaquias Montoya, mtoto wa wafanyakazi wa mashambani na mmoja wa wachapaji wa Berkeley wa siku zile, alikuja kufundisha Chuo Kikuu cha California, Davis, na mwaka 2009 karakana aliyoiasisi na wenzake ilifunguliwa katika mji wa jirani wa Woodland. Wakazi wa mji huo, watoto kwa wazee, wanafundishwa kukaza hariri, kukata stensili na kuvuta wino kwa pumzi moja.